Utaipaka Lini?

Mbao si za huku. Ni mwaloni,
meza ya nyumba moja ya Shela iliyouzwa na vyombo vyake,
mguu mmoja umeliwa na chumvi.
Nikaipasua, nikaipiga randa
hapa Langoni, mlango wazi, punda wakichungulia,
hadi ikatoka rangi ya mkate wa mofa
kabla haujashika moto.

Benchi fupi, ya kukalishia mabibi harusi wakisuguliwa.
Bi Sauda Kupi akapitisha kiganja, akakirudisha.
"Hivi hivi, Lali. Usinipakie kitu."
"Bila kitu itakula maji, itakula liwa,
mwakani itakuwa nyeusi kama mwiko."
"Basi paka. Lakini nisikione."

Nikalala na neno hilo.

Asubuhi kipande kilichobaki nikakigawa kwa penseli.
Vanishi kwanza, kwa kuwa iko dukani:
iking'aa kama halua, ukiinama waona meno yako,
na mti uko chini huko, kama samaki ndani ya barafu.
Mafuta ya nazi: siku mbili harufu tamu,
ya tatu sisimizi, ya sita yamevunda.
Ya kitani yakaingia vizuri, yakatulia,
nikafurahi, nikaenda kuswali Alasiri,
kurudi, rangi ya samli.
Hata chokaa nilijaribu, nikidhani itatia weupe.
Kumbe mti huu una ukali ndani, kama chai iliyokaa:
uliguswa na chokaa ukageuka kahawia,
na pale niliposahau msumari usiku wa umande,
juu ya benchi yenyewe, si kipande,
ukatoa doa la wino,
kana kwamba ulikuwa na barua ya kuandika.

Ikabaki nta.
Nta si asali, husema watu wakisikitika;
mimi siku hiyo nilisema alhamdulillahi.
Nta ya Witu, imefungwa kwa gazeti,
bado ina mguu wa nyuki.
Lakini peke yake haikutosha:
tone moja la maji likaacha mwezi mweupe.

Nikampelekea kipande hadi mlangoni.
Ndani kulikuwa na mwari, sikuingia.
Bi Sauda akatoka, liwa hadi viwikoni,
akakitazama kile kipande kama anayetazama jino bovu.
"Wewe wapaka kama mwenye deni. Mara moya, mengi.
Mimi siku saba. Napaka, nafuta. Napaka, nafuta.
Ya nane watu wasema, mwana huyu kaumbwa hivi.
Hakuna aonaye mikono yangu.
Na hapo ndipo natoza."

Nikarudi. Kitani kidogo, nta zaidi, moto wa kibatari,
kitambaa cha kanzu iliyokwisha kola.
Msasa mwepesi kati ya siku na siku.
Nilifuta kuliko nilivyopaka;
mkono wa kulia ukaniuma hadi begani
kwa kazi ambayo haikuonekana kusogea.
Siku ya tano nikadondosha maji:
yakakaa juu, mviringo, kama ushanga, yakangoja nifute.
Rangi ya mofa ile ile.
Ila ukiinamisha kichwa upande wa dirisha
kuna vijimwali vya mwanga vinakatiza nyuzi za mti,
vilikuwamo tangu ng'ambo,
nami sikuvileta.

Doa la msumari nikamwonyesha mwenyewe, kabla hajaliona.
Akalitia kidole.
"Hata wangu wana makovu. Siyafichi, Lali.
Nayazoesha uso."
Akahesabu noti, akaongeza moja, akaitoa tena.

Jioni, benchi ikingoja mkokoteni,
akapita Haji Bunu, muuza misumari.
Akaipapasa, akainusa, akazunguka nyuma.
"Kazi safi," akasema. "Utaipaka lini?"

"Ijumaa," nikamwambia.